Sahani Kavu ya Mama Vioo

Karakana yangu na karakana ya Mama Vioo zilitenganishwa na bati moja tu. Kwa miaka kumi na tisa nilijua siku yake inakwendaje kwa kusikiliza. Kwanza kikata kioo kikipita, krii, mara moja bila kurudia. Kisha kimya kidogo. Kisha tak, kioo kimeachana. Asiyejua kazi ile hupitisha kikata mara mbili au tatu, na kioo hupasuka kinapotaka chenyewe. Yeye alipitisha mara moja. Mimi natengeneza fremu za picha, na fremu bila kioo ni vijiti vinne tu, kwa hiyo hapakuwa na siku tusiyoonana.

Kazi ile hakuzaliwa nayo. Ilikuwa ya mumewe. Mumewe alipofariki, watu walisubiri mjane auze meza na vioo arudi kwao. Wiki ya tatu akafungua mlango, akavaa aproni ya marehemu iliyomfika kwenye vifundo vya miguu, akaanza. Mwezi wa kwanza alivunja vioo vingi kuliko alivyokata. Mdogo wa marehemu alibaki naye. Sote tulimwita Shemeji, kwa sababu ndivyo Mama Vioo alivyomwita. Alikuwa mtu wa mabega mapana na maneno machache, kazi yake kubeba vioo na kufunga madirisha kwenye nyumba za watu. Mteja akiingia na kuuliza fundi yuko wapi, Mama Vioo alijibu, "Ndiye huyu unayemkanyagia vioo vyake."

Ugonjwa ulianza kwa kujikuna. Viganja na nyayo. Nilimkuta amevua kiatu, anajisugua unyayo kwenye ukingo wa meza huku amefumba macho. Nikamtania kwamba kiganja kikiwasha pesa iko njiani.

"Basi mimi nitakuwa tajiri mpaka miguuni," akasema.

Baada ya miezi michache utani uliisha. Alikuwa anajikuna kwa rula ya chuma mpaka ngozi inachubuka, na asubuhi anafika kazini amechoka kama mtu aliyetoka kazini. Alipaka mafuta ya ngozi, akabadilisha sabuni, akafua mashuka kwa maji ya moto. Hakuna kilichosaidia.

Siku moja Shemeji aliegemeza kioo kikubwa cha kabati ukutani, jua la asubuhi likakipiga. Mama Vioo akapita mbele yake, akasimama, akarudi hatua moja. Akajivuta kope ya chini kwa kidole.

"Hebu njoo," akaniita. "Hiki kioo kina rangi?"

Kioo hakikuwa na rangi. Macho yake ndiyo yaliyokuwa ya manjano.

Hospitali walimzungusha miezi mitano. Damu, picha ya tumbo, damu tena, kisha sindano ndefu ya kuchukua kipande cha ini. Mtaani watu walishamaliza kazi ya daktari. Ini ni pombe, na mjane anayefanya kazi na wanaume hakosi kunywa. Mteja mmoja wa siku nyingi alimwambia waziwazi, "Mama, punguza vinywaji." Mama Vioo hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Alimkatia kioo chake, akamfungia kwenye gazeti, akampa. Mtu yule alipoondoka akakaa juu ya ndoo ya kutupia vipande, akalia bila kutoa sauti. Mimi nilijifanya natafuta misumari.

Siku ya majibu alirudi mchana, akaniita, akanieleza kama alivyoelezwa. Ndani ya ini kuna vijifereji vyembamba kama nyuzi, vinavyopitisha nyongo kwenda kwenye utumbo. Kinga ya mwili wake mwenyewe ilikuwa imeviona vijifereji vile kuwa adui, na ilikuwa inavila kimoja baada ya kingine. Nyongo inakwama, inaingia kwenye damu. Ndiyo kuwashwa, ndiyo manjano.

"Nikamuuliza daktari nimekula nini, nimekunywa nini. Akasema hukula kitu, hukunywa kitu. Nikamuuliza dawa. Akasema ipo ya kupunguza kasi."

"Kupunguza kasi ya nini?"

"Ndilo nililomuuliza na mimi," akasema, akainua kikata chake. Sikusikia jibu aliloambiwa. Nilisikia krii.

Walimpa vidonge vya kupunguza kasi, vidonge vya vitamini, na pakiti za unga wa kukoroga kwenye maji kwa ajili ya kuwashwa. Wakamwandikia pia akaonane na mtaalamu wa lishe, lakini nafasi ya karibu ilikuwa baada ya miezi minne.

Hapo ndipo alipokuja Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa alimzidi Mama Vioo miaka kumi na minne, na mama yao alipokufa ndiye aliyemlea. Alikuwa amestaafu mwaka ule, baada ya miaka thelathini na moja ya kupika katika jiko la hospitali ya mji wao. Alifika na sanduku moja na sufuria zake tatu, maana hakuamini sufuria za mtu. Jioni ileile alifungua kabati la jikoni la mdogo wake, akatoa chupa ya mafuta ya kupikia, kopo la siagi na mfuko wa karanga, akampa Shemeji vyote apeleke kwake.

"Wagonjwa wa ini nimewapikia mpaka nimezeeka," alituambia. "Kadi nyekundu kwenye sinia, maana yake hapa mafuta hayapiti. Hata tone."

Mama Vioo akamwambia, "Dada, tungesubiri huyo mtaalamu wa lishe."

"Mtaalamu gani tena? Nilikuwa napika kabla yeye hajaota meno. Siku yake ikifika utakwenda kumwambia umepona."

Na siku ilipofika, mtaalamu alikuwa likizo, wakaambiwa warudi baada ya miezi mingine mitatu. Hawakurudi.

Nataka nimtendee haki Dada Mkubwa. Sijaona mtu akimpikia mwenzake kwa moyo kama ule. Kila siku saa saba mchana alitokea mwanzo wa barabara na chombo cha chakula amekifunga kwa kitambaa cheupe, anatembea kwa kuchechemea kwa sababu ya goti. Ndani mna viazi vya kuchemsha, kabichi ya kuchemsha, samaki wa kuchemsha aliyetolewa ngozi. Siku nyingine wali mkavu na kuku aliyechemshwa, akapozwa, ukaenguliwa utando wa mafuta juu ya mchuzi kwa kijiko, kisha ukaenguliwa tena kwa karatasi. Yai, ute mweupe tu. Maziwa hayakuingia nyumba ile. Alisimama mlangoni mpaka mdogo wake amalize, asije akapewa kitu na mteja.

Dawa nazo alizisimamia. Alikuwa na bilauri moja maalumu. Asubuhi anakoroga ule unga wa kuwashwa, na mdogo wake anautumia kumezea vidonge vyote kwa mkupuo, vitamini na vyote, ili asisahau hata kimoja.

Na ilionekana inafanya kazi. Kabla ya hapo Mama Vioo alikuwa na tatizo la choo. Hakuwa mtu wa kuficha, alinieleza mwenyewe. Choo kilitoka cheupe kama chokaa, kina mafuta, kinaelea, hakikubali kwenda na maji, na tumbo lilimwendesha mara tano sita kwa siku. Baada ya mwezi mmoja wa sahani kavu, lilitulia.

"Umeona?" Dada Mkubwa alisema. "Mwili unasema wenyewe."

Nani angembishia? Mimi nilimsifu.

Mwili wa Mama Vioo ukaanza kuisha. Aproni aliyokuwa anaikunja mara mbili akaikunja mara tatu. Tukasema ugonjwa. Akawa anaumwa mgongo akinyanyua hata kioo cha dirisha dogo. Tukasema vioo ni vizito, na umri nao. Vidoa vya bluu vilimtokea mikononi bila kujigonga mahali, na akipiga mswaki mate yalikuwa mekundu. Tukasema mswaki mgumu.

Kisha macho. Siku za mawingu, au jua likianza kushuka, alianza kukosea mstari. Yeye, aliyekuwa anakata kwa kutazama tu. Nilisikia krii, kisha krii tena, na nikajua kule upande wa pili wa bati kuna kitu kimeharibika. Siku moja saa kumi na moja jioni alikuwa anakuja kwangu na kioo cha fremu, akajikwaa kwenye toroli la Shemeji lililokuwa katikati ya njia, toroli jekundu, kubwa kama kitanda. Kioo kikavunjika mbele yake.

"Nani ameliweka hapa?" aliuliza.

Toroli lilikuwa pale tangu asubuhi. Nilimwokotea vipande, nikamwambia asijali. Tangu siku ile akawa anafunga saa kumi, akisema amechoka. Nami nilifikiri amechoka.

Hiyo ilikuwa miezi kumi na minne tangu Dada Mkubwa aondoe mafuta.

Siku ya damu ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi. Kujikata kwetu si habari. Fundi wa vioo hana kidole kisicho na alama. Unanyonya damu, unafunga kitambaa, unaendelea. Mama Vioo alijikata chini ya kidole gumba, mkato mdogo usiofika urefu wa punje mbili za mchele. Akafunga kitambaa. Saa sita kitambaa kilikuwa kimelowa, akafunga kingine. Dada Mkubwa alipofika na chakula saa saba, akakuta mdogo wake amekaa kwenye ndoo, mkono ameuinua juu kama mtoto anayetaka kujibu swali darasani, damu inamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Imekataa," Mama Vioo alisema. Alikuwa mtulivu kuliko sisi. "Nimeiambia isimame imekataa."

Shemeji alimbeba kama anavyobeba kioo, wima, bila kumtikisa. Tulimpakia kwenye gari la jirani anayeuza mbao. Njia nzima Dada Mkubwa alikuwa ameubana mkono ule kwa mikono yake miwili, na chombo cha chakula kiko mapajani mwake, hajakumbuka kukiweka chini.

Hospitali walimpiga sindano ya vitamini K, wakamwongezea damu kidogo, wakamlaza. Kesho yake damu ilikuwa imesimama. Wakampiga picha za mgongo kwa sababu ya yale maumivu, na daktari akasema pingili mbili zimejibonyeza zenyewe. Hakuanguka, hakugongwa. Zimebonyea tu chini ya uzito wake, na uzito wenyewe haukuwa chochote.

Siku ya tatu nilikwenda kumwona, nikamkuta Dada Mkubwa pembeni ya kitanda. Akaja mwanamke mmoja mdogo wa umri, koti jeupe, daftari mkononi. Alikuwa mtaalamu wa lishe. Akavuta kiti.

"Mama, niambie unakula nini. Tangu unapoamka."

Dada Mkubwa ndiye aliyejibu. Alieleza kila kitu kwa mpangilio, kama mtu anayesomewa alama zake na anajua amefaulu. Viazi, samaki bila ngozi, kuku anayeenguliwa mara mbili, ute wa yai.

"Na mafuta?"

"Hata tone. Miezi kumi na minne."

Yule mtaalamu aliacha kuandika. Akauliza kuhusu vidonge vya vitamini, vinamezwa saa ngapi. Dada Mkubwa akaeleza ile bilauri.

"Pamoja na ule unga?"

"Pamoja. Ili asisahau."

Mtaalamu alifunga daftari lake. Alizungumza taratibu, na kusema kweli hakuwa na ukali wowote.

"Nyongo ndiyo sabuni ya tumboni," alisema. "Mafuta yakifika kwenye utumbo, nyongo inayavunja mpaka yawe laini, mwili unayachukua. Na ziko vitamini nne ambazo hazijui njia nyingine isipokuwa kusafiri na hayo mafuta. A ni ya macho, hasa kwenye mwanga hafifu. D inasaidia mifupa kupata chokaa yake. E ni ya mishipa ya fahamu. K inagandisha damu. Mtu mwenye ugonjwa huu nyongo yake ni kidogo, kwa hiyo hata akila vizuri vitamini hizo zinampita. Akiondoa mafuta yote, anakuwa amefunga hata ule mlango mdogo uliobaki."

"Tumbo lilikuwa linamwendesha," Dada Mkubwa alisema.

"Najua. Mafuta yakiwa mengi kuliko nyongo, tumbo linaendesha. Hapo tunapunguza, tunayagawa kidogo kidogo kwa kila mlo, na yapo mafuta maalumu ya kopo ambayo hayahitaji nyongo sana. Tunapunguza, mama. Hatuondoi."

"Na unga?"

"Unga unanasa chumvi za nyongo tumboni, ndiyo maana kuwashwa kunapungua. Lakini hauchagui. Unanasa na dawa, unanasa na vitamini. Vidonge vinamezwa saa moja kabla yake, au masaa manne baadaye."

Kitanda cha pili mtu alikuwa anakohoa.

"Kwa hiyo zote nilizompa..." Dada Mkubwa hakumaliza.

"Nyingi zilitoka naye chooni. Mama, usijichukulie hivyo. Hata hospitali zetu zamani zilikuwa zinawanyima mafuta wagonjwa wote wa ini. Na mifupa, ugonjwa huu wenyewe unaila. Siwezi kukwambia kwamba ni chakula peke yake."

Dada Mkubwa aliinuka. Akasema anakwenda kuosha chombo. Chombo hakikuwepo, Shemeji alikirudisha nyumbani tangu juzi. Nilimfuata baada ya muda nikamkuta ukumbini, amesimama ameutazama ukuta, mikono ameiweka nyuma kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nikarudi wodini.

Wangeweza kulia pamoja yakaisha. Hayakwenda hivyo. Mama Vioo alitoka hospitali na mkanda wa kushikilia mgongo, na alitoka na hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. Ukuta wetu ni bati, na siku ya kwanza alipokuja kukaa karakanani niliyasikia yote.

"Nile," alisema Mama Vioo. "Leo umeleta nini?"

"Samaki. Nimetia kijiko kimoja cha mafuta, kama alivyosema yule binti. Nimepima."

"Umepima."

"Nimepima, mdogo wangu."

"Nilikwambia tusubiri yule mtaalamu. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Nilikuwa naota mayai, dada. Usiku naota yai lenye kiini chake. Naamka naona aibu kama mwizi. Mtoto wa miaka mitano huwezi kumfanyia hivyo, mimi nina miaka hamsini na mbili, ulisimama hapo mlangoni ukanihesabia matonge."

"Nilikuwa naogopa usije ukafa."

"Na mimi nilikuwa naogopa kukuudhi. Haya. Tazama tulipofika."

Wiki sita hawakusemezana zaidi ya chakula hiki hapa na nimekiona. Dada Mkubwa aliendelea kupika, lakini mkono wake uliharibika. Mtu aliyepikia wodi nne kwa kukadiria kwa jicho, sasa alisimama na chupa ya mafuta juu ya kijiko, anamwaga, anarudisha, anaanza upya. Shemeji aliniambia alimkuta jikoni analia juu ya sufuria ya viazi, hajui kama ametia au hajatia.

Kisha akafanya kosa lingine. Mchuuzi mmoja wa dawa alimuuzia chupa tatu za vidonge vya mafuta ya ini la samaki, akamwambia ampe mgonjwa kumi kwa siku, macho yatarudi kama ya mtoto. Alikuja nazo karakanani amezifunga ndani ya kitambaa chake cheupe. Nilikuwepo. Aliziweka juu ya meza, mbele ya mdogo wake.

"Zina vitamini A nyingi," alisema. "Nyingi sana."

Mama Vioo alizitazama. Akachukua chupa moja, akaisogeza karibu na dirisha, akasoma maandishi madogo muda mrefu.

"Twende tukamuulize yule binti," alisema mwishowe. "Mimi na wewe."

Walikwenda pamoja, wakaambiwa kwamba vitamini A ikizidi inageuka sumu kwenye ini lilelile, na kwamba kwake yeye dozi inatoka kwenye vipimo vya damu, haitoki kwa mchuuzi. Walirudi na chupa zikiwa bado zimefungwa. Dada Mkubwa akaitupa moja kwenye ndoo ya vipande. Mama Vioo akamwambia, "Hizo nyingine nazo," na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa dada yake kwa wiki sita ambayo hayakuwa na makali.

Baadhi ya mambo yalirudi. Kwa dozi iliyopimwa na mafuta kidogo kila mlo, macho ya jioni yalianza kurudi kabla ya miezi miwili kwisha. Aliniita siku moja jua limeshazama, akanyoosha kidole. "Toroli. Jekundu. Limekaa vibaya." Vidoa vya bluu vikaacha. Fizi zikapona. Alinenepa kiasi cha aproni kukunjwa tena mara mbili.

Mgongo haukurudi. Alikuwa amepungua kimo kwa upana wa vidole vinne, na meza ya kukatia, aliyoirithi ikiwa imepimwa kwa urefu wa mumewe, ikawa inamfika kifuani. Shemeji aliikata miguu. Vioo vikubwa hakuvigusa tena. Alikata vya fremu zangu tu, ameketi, na hata hivyo kwa nusu siku. Wateja wa madirisha wakahamia kwa watu wa alumini.

Na ile kinga yake haikuacha kula vijifereji. Vidonge vilipunguza kasi, kama walivyosema, na kasi ikabaki. Mwaka wa tatu tumbo lilianza kujaa maji. Daktari alitaja kubadilisha ini, akataja umbali na foleni na masharti, na Mama Vioo akamwambia, "Hayo nimeyasikia, sasa niambie ya hapa." Alikula mpaka mwisho. Yai na kiini chake, asubuhi, nusu. Dada Mkubwa akikaa naye, anatazama dirishani, hatazami sahani.

Alifariki Jumanne asubuhi, mwaka wa nne. Alitapika damu, nyingi, akiwa amekaa kitandani anafunga kitufe cha blauzi ili aje kazini. Walipofika hospitali hakukuwa na la kufanya. Mishipa ya kooni, walisema, ile inayovimba ini likishakuwa gumu. Haikuwa vitamini. Daktari alimwambia Dada Mkubwa hivyo mara mbili ili amwelewe. Haikuwa chakula.

Baada ya maziko Shemeji aliuza meza kwa mtu asiyejua kwa nini miguu yake ni mifupi. Dada Mkubwa alikaa wiki mbili, akafungasha sufuria zake tatu, na siku ya kuondoka akaja kwangu kuaga. Nilimpa kiti. Hakukaa.

"Nataka nikuulize kitu," alisema. "Wewe ulikuwa hapa kila siku. Mimi nilikuja saa saba, nikaondoka saa nane. Jioni za hapa karakanani sikuwa naziona. Ulimwona akijikwaa?"

"Nilimwona."

"Mara moja?"

"Mara nyingi."

"Mbona hukuniambia?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nilidhani ni uchovu. Kwamba kila mtu alikuwa anamwangalia yeye Dada Mkubwa, na yeye alionekana anajua anachokifanya. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anatikisa kichwa polepole, si kwa kukubali wala kukataa.

"Haya," alisema. "Baki salama, baba."

Akainua sanduku, nikatoka nimsaidie kubeba sufuria. Tulitembea mpaka kituoni, yeye mbele na goti lake, mimi nyuma yake.